Gari Lililokimbia Mahali Pamoja

Binti yangu wa pili ana gereji nje kidogo ya mji wa Migori, upande wa barabara inayokwenda Isebania. Msimu wa mvua uliopita, yeye na fundi mwenzake walileta mashine ya kupima nguvu za magari. Ilikuja ikiwa imejengwa juu ya trela, imefunikwa turubai, na kwa kuitazama tu usingejua ni ya kazi gani: bamba pana la chuma, katikati yake rola mbili nzito zimelala kama mapipa, nyaya nyingi, na kompyuta ndogo iliyowekwa pembeni juu ya meza ya kukunja. Wao huiita daino. Unalipandisha gari mpaka tairi zake za nyuma zikae juu ya zile rola, unalifunga kwa mikanda mbele na nyuma, halafu unakanyaga mafuta kama mtu anayekimbizwa. Tairi zinazungusha rola, gari lenyewe halisogei, na kompyuta inasema injini ina nguvu za farasi wangapi.

Aliponieleza haya nilikuwa nakunywa chai nyumbani kwangu. Nilikiweka kikombe chini.

"Kwa mwendo gani?" nikamuuliza.

"Inategemea gari, baba. Hili tutakaloanza nalo, kwa gia ya nne, litafika kama mia na themanini."

"Mia na themanini, na wewe umekaa ndani."

"Lazima mtu akae ndani akanyage."

"Na ni nini kitakachokuzuia usitoke nalo?"

"Mikanda," akasema, kama mtu anayejibu swali la mtoto.

Neno hilo lilinikaa vibaya. Nimeendesha malori ya miwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kutoka mashamba ya Uriri na vijiji vya ndani kupeleka kiwandani, na kazi hiyo nusu yake ni kuendesha na nusu yake ni kufunga. Nimeona kamba ikikatika. Haikatiki kama uzi. Inalia kwanza, kisha inarudi kwa mwenyewe, na aliyesimama karibu haioni ikija. Mwenzangu mmoja ilimpiga taya, na mpaka alipokufa alikuwa akinywa uji tu. Tangu hapo naogopa kitu kilichofungwa kuliko kitu kilicho huru. Kilicho huru unakiona kinakokwenda. Kilichofungwa kinanyamaza na kuvuta, na siku kikijitoa hujui kitaanzia wapi.

Kwa hiyo madereva wa miwa wa wakati wetu tulikuwa na desturi yetu. Utingo akishamaliza kufunga mzigo, dereva mwenyewe alizunguka lori na kuivuta kila kamba mara moja zaidi, kwa uzito wa mwili wake wote. Tuliuita mvuto wa nyumbani. Dereva aliyeondoka shambani bila mvuto wa nyumbani tulimwona mtu asiyewapenda watoto wake. Sikuwahi kuuacha hata siku moja, na sikuwahi kuangusha mzigo. Hayo mawili niliyaunganisha kichwani mwangu muda mrefu sana.

Gari la kwanza lilikuwa la mfanyabiashara wa mahindi kutoka Isebania, mwanamume bado kijana, mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika mbali. Lilikuwa jekundu, la Kijapani, la viti viwili, chini sana hivi kwamba nilipolikaribia niliona paa lake kabla ya kitu kingine. Gari la kukimbia. Binti yangu alilitaka hilo hasa kwa sababu lilikuwa halijaguswa, kila kitu chake ni kile kile lilichotoka nacho kiwandani. Alinieleza hivi: mashine ikiwa ngeni kwako, ijaribu kwanza kwa kitu unachokijua. Waliolitengeneza gari hilo wameandika nguvu zake, kila mtu anazijua. Daino ikisema kitu kinachoelekeana na maandishi yao, tutaiamini. Ikisema mambo yake yenyewe, tutajua ina kasoro kabla hatujamdanganya mteja.

Tulikubaliana siku iwe Jumapili, maana nyumbani kwetu Jumamosi ni Sabato na binti yangu haigusi spana siku hiyo. Mke wangu alikataa kuja. Alisema yeye ataomba akiwa jikoni, kwamba Mungu anasikia kutoka jikoni vile vile.

Nilipofika gereji, gari lilikuwa tayari juu ya trela na waendesha boda kadhaa walikuwa wameegesha kuangalia.

"Mzee, karibu uone maajabu," akasema mwenye gari. "Leo tunahesabu farasi."

"Farasi gani?" akauliza mmoja wa waendesha boda. "Mimi tangu nizaliwe Migori hii sijaona farasi. Pimeni na punda, tutaelewa."

"Punda wako anakula mafuta?"

"Anakula kuliko hii pikipiki yangu!"

Walicheka. Mimi nilikuwa nikimtazama binti yangu. Alikuwa amepiga goti nyuma ya gari akifunga mikanda. Kila mkanda ulikuwa na mkono wa chuma wa kukazia, unaupandisha na kuushusha, nao unalia ka-ka-ka. Alikuwa akikaza kidogo, kisha anabonyeza mkanda kwa kiganja, anahamia upande wa pili, anabonyeza, anarudi wa kwanza, kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa na kulilinganisha na lake. Nikaona ule wa kushoto ukibonyea chini ya mkono wake.

"Huo unacheza," nikasema.

"Unatakiwa kucheza kidogo, baba. Nikiukaza sana tairi inabanwa kwenye rola, inapata moto na inakula nguvu yenyewe. Kitu kikubwa ni kushoto na kulia zivute sawa."

Nilisikia kila neno. Sitasema sikusikia, na sitasema sikuelewa.

Aliingia ofisini kutafuta vizibo vya masikio. Fundi mwenzake, Mkuria mmoja mpole asiyependa kuongea akiwa kazini, alikuwa ameinamia kompyuta. Mwenye gari alikuwa akijipiga picha mbele ya boneti. Nikajikuta niko nyuma ya gari. Nasema nilijikuta, lakini miguu ni yangu na niliitembeza mwenyewe. Niliushika ule mkono wa chuma wa kushoto, nikauvuta kwa uzito wangu wote, ukalia, nikauvuta tena mpaka mkanda ukawa mgumu kama ubao. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kikombe cha chai. Nikawa nazunguka kwenda upande wa kulia, na mlango wa ofisi ukafunguka.

Nikatoa mikono, nikaitia mfukoni, nikasimama mbali nikitazama barabara.

Nilikuwa nimekaza upande mmoja tu.

Ningeweza kusema. Muda ulikuwepo. Alivaa vizibo, akaingia, akafunga mkanda wa kiti, akawasha injini, akaiacha ipate joto. Fundi akawasha feni kubwa iliyoelekezwa kwenye boneti, mavumbi yakaruka. Katika muda huo wote nilijiambia kwamba nimemwongezea binti yangu usalama, hata kama ni upande mmoja, na kwamba mzee mzima hawezi kukimbilia mbele za watu kusema amekaza alichoambiwa kisikazwe sana.

Alianza polepole. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Rola zilitoa sauti ya chini, kama mashine ya posho ikianza kuzunguka kabla mahindi hayajamwagwa. Akaingiza ya nne. Akamtazama fundi kupitia kioo, fundi akainua kidole gumba. Akakanyaga.

Sijui nitaielezaje sauti ile. Barabarani gari likipiga kelele namna hiyo linapita, na kelele zake zinakwenda nalo. Hapa kelele hazikuwa na pa kwenda. Zilisimama mbele yetu zikikua. Bamba la chuma lilitetemeka, trela ikatetemeka, na mimi nikaona gari zima likijikaza kwenye ile mikanda kama ng'ombe aliyefungwa anapoona kisu. Halafu nikaona sehemu ya nyuma inasogea.

Ilisogea kushoto. Kidogo, upana wa kidole, kisha upana wa kiganja. Moshi mweupe ukatoka kwenye tairi la kushoto, na harufu ya mpira unaoungua ikatufikia. Tairi lilikuwa likitambaa kuelekea ukingo wa rola, na baada ya ukingo hapakuwa na kitu, palikuwa na chuma kikavu na ukuta wa ofisi.

Nilikimbia. Waendesha boda walikimbia kurudi nyuma, mimi nilikimbia kwenda mbele, na nilipiga kelele kwa sauti yangu yote, ile sauti niliyokuwa nikiitumia kulishinda lori:

"Kanyaga breki! Breki! Kanyaga!"

Kioo cha upande wake kilikuwa wazi. Niliona kichwa chake kikinigeukia. Vizibo havikuweza kuzuia sauti ile, au labda aliisoma mdomoni. Macho yetu yalikutana. Kisha akageuka mbele, akashika usukani kwa mikono miwili, na hakukanyaga breki. Aliachia mafuta, akakanyaga klachi, akakaa vile vile, hajasogea, huku rola zikiendelea kuzunguka chini yake kwa nguvu zilizokwisha kupata. Zilizunguka muda mrefu. Sijawahi kungojea kitu kisimame kama nilivyongojea zile rola. Tairi lilikuwa kwenye ukingo kabisa, nusu yake ya nje haina kitu chini. Mlio ukashuka, ukashuka, ukawa mnong'ono, ukaisha.

Feni ilikuwa bado inavuma.

Alitoka, akavua vizibo vya masikio. Kisha akaenda nyuma moja kwa moja. Akabonyeza mkanda wa kulia. Akabonyeza wa kushoto, nao haukubonyea.

"Nani ameshika huu?"

"Mimi," nikasema.

"Aaa, mzee!" Mwenye gari alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mzee, ungetumalizia gari! Angalia tairi! Gari halina hata mkwaruzo tangu litoke Japani, na wewe unataka kulimaliza kwa siku moja?"

Binti yangu akamwangalia. "Gari, eh?" akasema. "Unalililia gari?"

Yule akaona aibu, akaenda kuzima feni.

Binti yangu akanishika mkono akanipeleka pembeni, karibu na rundo la tairi kuukuu. Nilidhani atanipigia kelele na nilikuwa natamani anipigie. Alizungumza taratibu sana.

"Baba, ulisema nikanyage breki."

"Ndiyo."

"Unajua ingekuwa nini? Tairi zingesimama na rola bado zinakwenda. Zingelirusha gari nyuma, na lilikuwa limeshakaa upande. Mikanda ya mbele isingelishika."

"Sikujua."

"Najua hukujua." Akatazama viatu vyake. "Lakini mguu ulikuwa umeshaanza kwenda, baba. Niliuona unatoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, wenyewe. Nilisikia sauti yako na mguu ukaenda. Niliurudisha."

Hilo ndilo lililoniingia na halijatoka. Gari kutambaa lilikuwa kosa la mkono wangu, na kosa la mkono mtu huliona, hulitaja, hulijutia. Lakini mguu wa mtoto wangu ulikuwa umeitii sauti yangu kabla yeye mwenyewe hajafikiri, na nilijua umefundishwa na nani.

Alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akinirudisha nyuma na lori nikiingia bomani. Lango letu lilikuwa jembamba na upande mmoja una mtaro. Alisimama nyuma, nami nilimtazama kwenye kioo. Sheria ilikuwa moja: nikisema toka, unatoka, huulizi. Nikisema simama, unasimama hata kama umekanyaga siafu. Siku moja alichelewa kidogo, alikuwa ameona kitu chini akataka kukiokota, na nilishuka nikamchapa kwa fimbo mbele ya dada zake, kwa sababu nilikuwa nimeogopa. Sikumwambia nilikuwa nimeogopa. Nilimwambia ana kichwa kigumu. Hakuchelewa tena kamwe, na mimi nilijisifu kwa watu kwamba mtoto wangu husikia mara moja. Hivyo ndivyo nilivyofanya na woga wangu wakati wote, niliugeuza kuwa amri na kuwapa watoto waubebe. Nilifanya hivyo na wote. Huyu alikuwa amekaa ndani ya gari linalokwenda mia na themanini nilipokuja kulitambua jambo hilo.

Siku hiyo hatukupata kipimo. Tairi liliungua vibaya, na mwenye gari aliondoka na pikipiki akiacha gari lake gereji chini ya turubai.

Shida ilikuwa kwamba muda ulikuwa umebanana. Majuma machache mbele wapenzi wa magari wa pande hizi walikuwa wakutane Homa Bay, kwenye uwanja karibu na ziwa, na binti yangu alikuwa ameahidi kupeleka daino. Sasa angeipeleka ikiwa haijajaribiwa mpaka mwisho, na gari la kwanza kupandishwa mbele ya watu lingekuwa lile lile jekundu. Mwenye gari alikubali kwa shida. Nadhani alikubali kwa sababu rafiki zake walikuwa wameanza kumtania kwamba gari lake lilitaka kutoroka kipimo.

Mimi sikwenda gereji tena. Nilikuwa nikipita mbali nayo, hata nikienda sokoni. Binti yangu akaja nyumbani akanikuta nikifunga kamba ya mbuzi, akakaa juu ya kigogo.

"Homa Bay utakuja," akasema.

"Sitakuja. Nikiwa pale nitaharibu."

"Ukibaki nyumbani utapiga simu, na nitajua unapiga, na nitakuwa ndani ya gari nikifikiria simu. Utakuja. Nina kazi yako."

"Kazi gani?"

"Watu watakuwa wengi. Watasogea. Nataka mtu mzima mwenye sauti awazuie wasipite kamba. Utasimama ndani ya kamba, utawaangalia wao. Hutaliangalia gari."

"Nisiliangalie hata kidogo?"

"Hata kidogo. Uligeuzie mgongo. Na hutaniambia neno mimi. Watu waambie utakavyo, lakini mimi usiniambie neno."

"Hata nikisikia harufu ya moto?"

"Fundi ana mtungi wa kuzimia moto, na ana macho. Wewe kazi yako ni watu."

Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyathina," akamwambia binti yetu, maana yake mwanangu, "umemjua baba yako mapema kuliko mimi nilivyomjua."

Tulikwenda kwa pikapu, trela ikivutwa nyuma yetu, tukapita Uriri, tukafika Rongo na kuiacha barabara kuu. Njia nzima nilikuwa nimekalia mikono yangu. Kila tulipopita tuta nilisikia vyuma vya trela vikigongana, na kila mara nilitaka kumwambia fundi asimamishe nikaangalie vifungo. Sikumwambia. Tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani joto liliongezeka, na fundi, ambaye alikuwa hajasema kitu tangu tutoke, akasema hewa ya huku chini ni nzito kidogo, injini itaipenda. Ndiyo maneno yote niliyopata kwake asubuhi hiyo.

Uwanja ulikuwa umejaa. Magari ya kila rangi, muziki, moshi wa nyama, vijana wamevaa fulana zinazofanana. Walifunga kamba kuzunguka trela, na mimi nikapewa fulana yenye rangi ya kung'aa kama ya watu wa barabara, nikasimama ndani ya kamba na uso kwa watu. Gari jekundu likapandishwa nyuma yangu. Nilijua kwa masikio.

"Jaduong'," akaniita kwa Kijaluo, maana yake mzee, mwanamume mmoja mnene aliyeshika gunzi la hindi choma, "wewe ndiwe askari wa hao farasi?"

"Ndiye mimi."

"Wako wapi? Sioni mavi yao."

"Wamefungiwa ndani ya boneti," nikamjibu. "Rudi nyuma, wanauma."

Watu wakacheka na wakarudi hatua. Niliona kwamba kazi hii naiweza. Nyuma yangu mikono ya chuma ilianza kulia, ka-ka, kisha kimya, kisha ka. Kushoto. Kulia. Kushoto tena. Vidole vyangu vilikuwa vikijikunja vyenyewe. Nikashika kofia yangu kwa mikono miwili ili mikono iwe na kitu.

Injini ikawaka. Feni ikawaka. Nikawatazama watu.

Nilijifunza siku ile kwamba kuogopa kwa macho ni nafuu. Ukiona kitu kinakuja, angalau unajua kimefika wapi. Mimi nilikuwa na nyuso tu. Gia ya kwanza, nyuso zilitabasamu. Ya pili, simu zikainuliwa. Ya tatu, mama mmoja mwenye beseni la maandazi akaliteremsha kichwani na kulishika kifuani. Kisha sauti ikabadilika, nikajua ameingiza ya nne, na ule mlio ukaanza kupanda mgongoni mwangu. Niliusikia kwenye nyayo. Ardhi yenyewe ilikuwa ikitetemeka.

Yule mnene aliacha kutafuna. Mama wa maandazi akaziba mdomo kwa kiganja. Kwa nini amefunga mdomo? Nilimtazama machoni nikitafuta ndani yake kama gari linasogea, na macho yake hayakuniambia kitu, yalikuwa yamefunguka tu. Kijana mmoja mbele yangu alikuwa amevaa miwani myeusi, na ndani ya kila kioo niliona kitu kidogo chekundu. Nikakikazia macho. Kikasogea kushoto. Kikasogea tena, na ndipo nikaona ni kijana mwenyewe anayetikisa kichwa kwa furaha.

Sauti ilikuwa imekuja mpaka kooni. Nawaambia ukweli, neno lilikuwa limeshaundwa, ulimi ulikuwa umelishika. Nilifikiria mguu wake. Nikachukua kofia yangu nikaisukuma mdomoni, nikaiuma.

"Huyu mzee anakula kofia!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikapita katika umati kama upepo, lakini mimi sikuwacheka wala sikuwakasirikia. Niliuma. Mlio nyuma yangu ulifika mahali ambapo sikudhani chuma kinaweza kufika bila kupasuka, ukakaa pale, na ghafla ukakatika.

Kimya kile kilinitisha kuliko kelele. Chini yake niliisikia rola ikinguruma, ikishuka. Sikugeuka. Watu wakapiga makofi, lakini watu hupiga makofi kwa mambo mengi. Nilibaki vile, na kofia mdomoni, nikiwatazama. Kisha wakaanza kuinama na kupita chini ya kamba, kulia kwangu na kushoto kwangu, kwenda kuona kompyuta, na sikumzuia hata mmoja. Upande wangu ukabaki mtupu.

Mama wa maandazi ndiye aliyebaki wa mwisho. "Baba," akaniambia, "wamemaliza. Unaweza kugeuka."

"Msichana yuko wapi?"

"Yule dereva? Si yule pale anagombana."

Nikatoa kofia mdomoni, nikageuka. Binti yangu alikuwa amesimama mezani, vizibo vya masikio vikining'inia shingoni, jasho limemlowesha mgongo wote. Alikuwa mzima. Mwenye gari alikuwa akionyesha kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Mia na sitini na kitu! Hii gari kitabu chake kinasema mia mbili! Farasi wengine wamekwenda wapi? Mmewaacha Rongo?"

"Kitabu kilipima injini peke yake," binti yangu akamwambia. "Sisi tumepima kwenye tairi. Wengine wamebaki ndani ya giaboksi na difu wakizungusha vyuma. Gari ambalo halijaguswa linatakiwa kusoma hapo hapo. Lingesoma mia mbili, ningeifunga mashine nikairudisha."

"Kwa hiyo gari ni zima?"

"Gari ni zima na mashine ni nzima."

Yule bwana akafikiri kidogo, kisha akawageukia watu na kuinua mikono kama aliyeshinda. "Mmesikia? Ni zima!" Wakamshangilia, na vijana wawili wakaanza kusukumana kuhusu nani atapandisha gari lake sasa.

Nilingoja binti yangu anitafute kwa macho. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Rongo, kuhusu lori na lango na ile fimbo. Niliona ananiangalia, anaiangalia kofia iliyolowa mkononi mwangu, na kitu kikapita usoni mwake ambacho sikuweza kukisoma. Lakini gari jingine lilikuwa limeshaanza kupanda trela, jeusi, lenye mlio mbaya zaidi, na hili lilikuwa limeguswa kila mahali. Akainama kuangalia tairi zake.

"Baba," akasema akiwa ameinama hivyo hivyo, "watu wanasogea."

Nikawageuzia wao uso, nikaanza kuwarudisha nyuma ya kamba.